Shaha Mbele ya Saa: Uhakiki wa Sataranji ya Kasi

Wahenga wameacha methali mbili ambazo hazijapata kupatana. Ya kwanza yasema kuwa haraka haraka haina baraka. Ya pili yajibu kuwa ngoja ngoja huumiza matumbo. Mwenye kuisema moja aghalabu huwa ameisahau nyingine kwa makusudi, kwani lau angelizikumbuka zote mbili kwa pamoja angelazimika kunyamaza. Upo mchezo, hata hivyo, ambao haumpi mtu ruhusa ya kuchagua mojawapo na kuiacha ya pili. Mchezo huo ni sataranji ya kasi, ile ambayo kila mchezaji hupewa dakika tatu au tano kwa mchezo mzima, na ambaye saa yake inamwishia huhesabiwa kuwa ameshindwa hata kama shaha wake yu salama na jeshi lake limejaa ubaoni.

Mchezo huu umeenea mno tangu intaneti ilipowakutanisha wachezaji wa mabara mbalimbali. Seva za mwanzo zilifunguliwa katika miaka ya 1990, Chess.com ikafuata mwaka 2007 na Lichess mwaka 2010. Kisha maradhi ya korona ya mwaka 2020 yakawafungia watu majumbani na kuwasukuma kwa wingi kwenye ubao wa kioo. Swali linalostahili kuulizwa na mhakiki si kama mchezo huu unapendwa, kwani hilo halina ubishi. Swali ni kama unastahili heshima ipewayo sanaa, na kama mtu ambaye tayari ni mahiri aweza kupanda daraja ndani yake bila ya kuiharibu akili ile iliyomfikisha hapo alipo.

Ifaa kwanza kuujua umbo wake, kama vile mhakiki wa shairi anavyoanza kwa kuhesabu mizani. Shirikisho la Kimataifa la Sataranji, FIDE, hulihesabu pambano kuwa ni la kasi ya juu kabisa iwapo kila mchezaji ana dakika 10 au pungufu kwa hatua zake zote. Jina lake la kimataifa limetokana na neno la Kijerumani lenye maana ya umeme wa radi. Katika mashindano ya dunia hutolewa dakika 3 pamoja na nyongeza ya sekunde 2 kwa kila hatua. Kwenye intaneti wengi hucheza dakika 3 tupu, bila ya nyongeza yoyote. Hesabu ya hapo ni nyepesi na ni kali. Dakika 3 ni sekunde 180. Mchezo wa hatua 40 humwachia mtu sekunde nne na nusu kwa kila hatua. Katika muda huo inampasa aone kilichobadilika, akisie nia ya mwenziwe, apime njia mbili au tatu, aamue, kisha mkono wake utii bila ya kukosea mraba.

Wapo wanaodhani kuwa haraka hii ni uzushi wa zama za mashine. Historia haiwaungi mkono. Sataranji iliyochezwa Baghdad chini ya Bani Abbas ilikuwa na mabingwa waliocheza mbele ya makhalifa, na mmoja wao apaswa kukumbukwa na kila mpenda ushairi: Abu Bakr as-Suli, aliyefariki katika karne ya 10. Mtu huyu alimshinda al-Mawardi, bingwa aliyependwa na Khalifa al-Muktafi, mbele ya khalifa mwenyewe. Lakini sataranji haikuwa kazi yake pekee. As-Suli ndiye aliyekusanya na kuhariri diwani za washairi wakubwa, wakiwamo Abu Nuwas na Abu Tammam. Mkono uliopanga beti ndio uliopanga farasi na ngome. Naye aliacha fumbo moja la sataranji ya zama zake ambalo lilikaa takriban miaka elfu moja hadi bingwa wa Kirusi, Yuri Averbakh, alipolifumbua katika karne ya 20. Basi katika mtu mmoja zilikutana kasi mbili: ile ya kuamua papo hapo mbele ya khalifa, na ile ya kuacha swali ambalo vizazi thelathini vingelitafuna. Waswahili nao hawakukosea walipolichukua neno shaha, ambalo ni la mfalme wa sataranji, wakalivika pia mshairi aliyewapita wenziwe. Shaha wa malenga ni yule awezaye kutunga kwa utulivu chumbani na pia kujibu barazani pasipo kuomba muda.

Mashitaka dhidi ya mchezo wa kasi, hata hivyo, hayakutoka kwa wajinga. Mikhail Botvinnik, aliyelitwaa taji la dunia mwaka 1948 na kulipoteza kwa mara ya mwisho mwaka 1963, aliujenga ustadi wake juu ya maandalizi, uchambuzi wa maandishi na nidhamu ya mwili. Inasimuliwa kuwa alipoulizwa kuhusu mchezo wa kasi alijibu kwamba mara ya mwisho aliucheza ndani ya treni, mwaka 1929. Jibu hilo ni la kejeli, lakini ndani yake mna hoja. Mtu anayecheza kwa haraka huzoea kuridhika na hatua ya kwanza inayompendeza. Hujifunza kutega mitego anayojua kuwa ingekamatwa lau mpinzani angepata nusu dakika ya kufikiri. Kidogo kidogo huacha kuuliza swali linalomfanya mchezaji kuwa mchezaji, yaani: mwenzangu atajibu nini? Akirudi kwenye mchezo wa saa nyingi, hukuta kuwa macho yameshazoea kukimbia na hayawezi tena kutua.

Hoja hii ina uzito, wala haifai kupuuzwa na wale wanaoshangilia kila lililo jipya. Lakini upo ushahidi wa upande wa pili, na ulitolewa katika mji wa Herceg Novi, Montenegro, mwezi wa Aprili mwaka 1970. Siku chache kabla yake, Belgrade ilikuwa imeandaa pambano kubwa baina ya Umoja wa Kisovieti na dunia yote iliyosalia. Lilipomalizika, mabingwa 12 walikwenda Herceg Novi kucheza mashindano ya dakika 5, kila mmoja akikutana na mwenziwe mara mbili. Walikuwapo Mikhail Tal, Tigran Petrosian na Vasily Smyslov, wote watatu wakiwa wamewahi kuwa mabingwa wa dunia, pamoja na David Bronstein na Viktor Korchnoi. Botvinnik, aliyekuwa amecheza Belgrade, hakuwamo katika orodha. Alikuwamo Bobby Fischer wa Marekani, kijana wa miaka 27.

Matokeo yake yangali yanashangaza. Fischer alipata alama 19 kati ya 22: alishinda michezo 17, akatoka sare 4, akashindwa mmoja tu, na aliyemshinda ni Korchnoi. Tal alishika nafasi ya pili kwa alama 14 na nusu. Pengo la alama nne na nusu baina ya wa kwanza na wa pili, katika kundi la watu wa daraja ile, halielezeki kwa bahati. Na lililowashangaza zaidi waliokuwapo, kwa mujibu wa masimulizi, ni kwamba baada ya mashindano Fischer alizitaja kwa kumbukumbu hatua za michezo yake yote.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Mtu aliyeishi ndani ya haraka tupu hawezi kukumbuka hatua zaidi ya elfu moja alizozicheza na kuzijibu, kama vile mtu aliyebwabwaja hawezi kurudia alichokisema. Fischer alikumbuka kwa kuwa kila hatua ilikuwa na mahali pake katika maana aliyokuwa nayo kichwani kabla ya saa kuanza kwenda. Jambo hili limethibitishwa na wataalamu wa saikolojia kwa njia iliyo tofauti. Mholanzi Adriaan de Groot, katika kitabu chake cha mwaka 1946, alionyesha kuwa mabingwa hawawapiti wachezaji wa kawaida kwa kutazama mbali sana mbele, bali kwa kuona mapema penye jambo. Mwaka 1973 Wamarekani William Chase na Herbert Simon waliuendeleza uchunguzi huo. Mchezaji alionyeshwa ubao kwa sekunde 5, kisha akatakiwa aupange upya. Katika hali iliyotoka kwenye mchezo wa kweli wenye kete kama 25, bingwa aliweza kuziweka mahali pake takriban 16, na mwanafunzi kama 4 tu. Kete zilipotawanywa ovyo, pasipo mantiki ya mchezo, tofauti hiyo karibu yote ilitoweka. Bingwa hakuwa na macho bora. Alikuwa na msamiati mpana. Aliona mafungu ya maana, kama msomaji anayeona maneno ilhali mtoto wa chuoni angali anaona herufi.

Msomaji azilinganishe sekunde 5 za uchunguzi huo na zile sekunde nne na nusu za mchezo wa dakika tatu. Ni muda ule ule mmoja. Maana yake ni kwamba mchezo wa kasi hauzalishi maarifa, bali huyapima yaliyokwisha kukaa. Ni mtihani, si darasa. Na hili ndilo kosa la wale wanaomshauri mchezaji mahiri kwa neno moja: cheza, cheza tena, cheza sana. Anayefanya mtihani ule ule mara elfu bila ya kurudi kwenye kitabu hujua vizuri zaidi alama yake, lakini hajui zaidi somo.

Ushauri huo humfaa anayeanza, kwani yeye bado hajui hata mitego iliyo wazi, na kila pigo ni funzo. Lakini aliyekwisha kuwa mahiri yu katika hali nyingine. Makosa yake hayapigi kelele. Hapotezi malkia bure. Hupoteza sekunde 30 mahali pasipostahili, kisha hupoteza mchezo hatua 20 baadaye, na akatafuta kosa pale alipoanguka badala ya pale alipojikwaa. Huyu anaweza kucheza michezo elfu tano na kubaki pale pale, huku akiamini kuwa anafanya mazoezi.

Tarakimu nazo humdanganya. Kanuni ya Arpad Elo, ambayo FIDE iliichukua mwaka 1970 na ambayo ndiyo mama wa viwango vyote vya intaneti, yasema kuwa tofauti ya alama 100 ni sawa na kutarajiwa kupata takriban 64 kati ya 100 dhidi ya mpinzani. Basi kupanda alama 100 si kuongeza tarakimu tu. Ni kuwa na uwezo wa kumpiga yule uliyekuwa jana kwa 64 dhidi ya 36. Hilo ni badiliko kubwa la mtu, wala halipatikani kwa usiku mmoja. Kwa upande wa pili, mtu asiyebadilika hata chembe, akicheza michezo 20 na watu wa kiwango chake, aweza kupata alama 12 leo na 8 kesho, na yote mawili yakawa ni mawimbi ya kawaida ya bahati. Leo hujiona amepanda, kesho hujiona amekwisha. Furaha yake na huzuni yake zote mbili hazina msingi. Anayetaka kujua kama amesonga mbele na atazame mamia ya michezo na aina ya makosa yaliyomo, si rangi ya mshale unaopanda na kushuka baada ya kila pambano.

Ni mambo gani basi yanayompandisha mtu wa namna hii? La kwanza ni namna anavyoitumia saa, na hapa adui wake ni sifa yake mwenyewe. Mchezaji mahiri amelelewa kuitafuta hatua iliyo bora kabisa. Katika mchezo wa saa nne hiyo ni heshima. Katika dakika tatu ni maradhi. Akitumia sekunde 10 kwa hatua 10 za mwanzo, hubakiwa na 170 kwa 30 zilizosalia, yaani takriban sekunde tano na nusu kila moja. Akizama kwa sekunde 40 kutafuta tofauti baina ya hatua mbili zilizo nzuri zote mbili, amekula karibu robo ya akiba yake kununua kitu kisichoonekana. Mwenye hekima huchukua ile iliyo salama na inayompa mwenziwe shida ya kuijibu, kisha huendelea. Sekunde zake nyingi huziweka kwa nyakati ambazo haziruhusu kurudi nyuma: kabla ya kubadilishana malkia, kabla ya kusukuma askari ambaye hatarejea, kabla ya kuingia katika mwisho wa mchezo. Kujua ni wapi pa kusimama ni ustadi ulio mkubwa kuliko kujua kukimbia.

La pili ni ufunguzi. Wengi hudhani kuwa kasi yataka mtu ajue funguzi nyingi, ilhali ukweli ni kinyume chake. Ufunguzi mmoja kwa nyeupe, na majibu mawili kwa nyeusi, yakijulikana hadi kwenye mizizi, humfaa mtu kuliko kumi alizozihifadhi juu juu. Kuhifadhi hatua bila ya kujua sababu yake ni sawa na kukariri shairi la lugha usiyoielewa: mwenzako akibadilisha neno moja tu, umekwama. Aliyeelewa anajua askari yupi atasukumwa mwishowe, kete ipi ni mbovu na yafaa ibadilishwe, na shambulio litatokea upande gani. Maarifa hayo humfikisha kwenye hatua ya kumi na tano akiwa na saa karibu nzima, na akiwa nyumbani kwake.

La tatu, na ndilo linalodharauliwa kuliko yote, ni mwisho wa mchezo. Mfano mmoja watosha. François-André Danican Philidor, Mfaransa wa karne ya 18 aliyekuwa mtunzi wa opera na pia mchezaji mkubwa kuliko wote wa zama zake, ameacha jina lake katika ulinzi mmoja wa ngome. Mshambuliaji ana shaha, ngome na askari mmoja. Mlinzi ana shaha aliyesimama mbele ya askari huyo, na ngome yake. Mlinzi huiweka ngome katika safu ya tatu ukihesabu kutoka ukingo wa upande wake, na kwa hivyo humzuia shaha wa adui asisonge. Askari akisukumwa kuingia safu hiyo, ngome ya mlinzi hukimbilia ncha ya pili ya ubao na kumsumbua shaha kwa nyuma, naye hana tena pa kujisitiri. Mchezo huwa sare. Anayelijua jambo hili hulicheza kwa sekunde moja moja, hata saa yake ikiwa na sekunde 15. Asiyelijua, ajapokuwa na kipaji kikubwa namna gani, hatalizua kwa sekunde 15. Yumkini asingelizua hata kwa dakika 15. Hapa saa haikumdhulumu mtu. Imemuuliza tu kama alisoma.

La nne ni kurudi nyuma. Zama hizi kila mwenye simu ana programu ya kuchanganua ambayo haiwezi kushindwa na binadamu yeyote, na neema hiyo imegeuka kuwa kishawishi. Mchezo ukimalizika, mtu hubonyeza kitufe, mashine humwonyesha makosa yake kwa rangi nyekundu, naye hutikisa kichwa na kuanza mwingine. Hakujifunza lolote, kwa kuwa alipewa jibu kabla ya kuuliza swali. Utaratibu wa Botvinnik, yule yule aliyeudharau mchezo wa kasi, ndio unaomfaa mchezaji wa kasi kuliko wote: kwanza ajichambue mwenyewe, aandike kwa maneno yake alichokuwa akikifikiri na pale alipoona shaka, ndipo amwite hakimu wa chuma. Michezo mitatu ikipitishwa kwa njia hiyo ina faida kuliko thelathini iliyochezwa mfululizo. Na afanyapo hivyo kwa mwezi mmoja atagundua kuwa makosa yake si mengi kama alivyodhani. Ni manne au matano yale yale, yanayokuja kila siku yamebadilisha kanzu.

Yote hayo ni fani. Yapo na maudhui, na ndiyo yenye hatari. Mchezo wa kasi huchezwa aghalabu usiku, peke yake mtu, mbele ya kioo. Bao la barazani lina watazamaji wanaocheka, wanaomkemea anayekasirika, wanaomwambia aliyeshindwa mara tatu kuwa ainuke ampishe mwenziwe. Mbele ya kioo hakuna wa kumwinua mtu. Aliyeshindwa kwa sekunde moja huona kuwa amedhulumiwa, na hutaka mchezo mwingine wa kufidia. Akishindwa tena hutaka wa tatu. Na kila mmoja huuchezea hasira badala ya ubao. Hapo sataranji huwa imekwisha kuondoka, na kilichobaki ni kamari isiyo na fedha. Hasara yake si alama za Elo. Ni usingizi, ni maneno machungu anayoamkia nayo watu wa nyumbani, ni kuupoteza polepole ule upendo uliomfanya mtu akae mbele ya ubao akiwa mtoto. Kwa hivyo kanuni ya kuacha baada ya kushindwa mara mbili mfululizo si adabu ya ziada iliyowekwa juu ya mazoezi. Ni sehemu ya mazoezi yenyewe, na kwa mchezaji mahiri yumkini ndiyo iliyo ngumu kuliko zote.

Upande huo huo wa upweke una jaribu jingine. Mashine inayomchambua mtu baada ya mchezo yaweza pia kunong'onezwa wakati wa mchezo. Udanganyifu huo umeitia sumu intaneti kwa namna mbili: huwafanya wachache kuwa waongo, na wengi kuwa wenye shaka. Mtu akifungwa kwa hatua nzuri hajui tena kama astaajabu au ashitaki. Hasara ya pili pengine ni kubwa kuliko ya kwanza, kwani sanaa yoyote hufa pale watu wanaposhindwa kusema "ahsante" mbele ya uzuri wa mwenzao.

Je, kushinda kwa saa pekee ni halali, pale ambapo ubaoni mtu alikuwa ameshapotea? Kwa sheria ni halali pasipo shaka, na anayekubali kucheza dakika tatu tupu amekubali pia kuwa muda ni kete mojawapo. Lakini ladha yake si moja na ya kushinda kwa hoja, na wachezaji wenyewe hulijua hilo. Ni jambo la kuzingatiwa kwamba aliyetafuta tiba ya dhulma hii ni Fischer mwenyewe, mshindi wa Herceg Novi. Katika mwaka 1988 aliomba hataza ya saa inayomwongezea mchezaji sekunde chache kwa kila hatua, na saa ya namna hiyo ikatumika katika pambano lake la marudio na Boris Spassky mwaka 1992. Mtu aliyekuwa na kasi kuliko wote ndiye aliyetaka saa iwe na huruma. Alijua kuwa kasi ni nzuri inapokuwa mtumishi wa wazo, na kuwa ni upuuzi inapogeuka kuwa mbio za vidole. Kwa sababu hiyo mchezaji anayetaka kukua na achague dakika 3 zenye nyongeza ya sekunde 2 kuliko dakika 3 tupu. Katika hatua 60 atakuwa ameongezewa dakika 2 nzima, na mwisho wa mchezo, ambao ndio penye elimu, utapata nafasi ya kuchezwa.

Hata hivyo nyongeza hiyo nayo haimalizi kila ubishi. Mwishoni mwa mwaka 2024 jijini New York, fainali ya ubingwa wa dunia wa mchezo wa kasi baina ya Magnus Carlsen na Ian Nepomniachtchi ilifika sare ya 2 kwa 2, kisha ikafuatiwa na sare nyingine tatu, hadi wawili hao wakakubaliana kugawana taji, na FIDE ikaridhia. Wapo waliolaumu vikali. Lakini lawama hiyo yenyewe ni ushahidi wa heshima. Hakuna anayegombana juu ya jambo asiloliona kuwa na thamani, na miaka mia iliyopita ni wachache ambao wangeona kuwa mchezo wa dakika chache unastahili taji la kugombewa.

Hukumu ipi basi itolewe? Dosari ya sataranji ya kasi kama sanaa iko wazi: kazi zake kubwa ni chache kwa kulinganishwa na wingi wake. Kati ya michezo elfu, ni mmoja au miwili inayostahili kuhifadhiwa, na hata hiyo huwa na kovu mahali fulani. Anayetafuta ujenzi mkamilifu, wenye kila nguzo mahali pake, atauona katika mchezo wa saa nyingi na atafanya vyema kubaki huko. Lakini yapo mambo ambayo ni haraka tu iwezayo kuyaonyesha. Inaonyesha ni kipi ambacho mtu anakijua kweli na kipi anachokiazima kila mara kutoka kwa subira yake. Inaonyesha ujasiri, kwani asiye na muda wa kuogopa hucheza kile anachokiamini. Tal, aliyekuwa na moyo wa kutoa mhanga kete zake kwa shambulio ambalo hata yeye hakuweza kulihesabu hadi mwisho, hakupotezwa na haraka; alikutana nayo kama jamaa yake. Na inaonyesha tabia, jambo ambalo saa nyingi huweza kulificha chini ya adabu.

Botvinnik kwa hivyo alikuwa sahihi juu ya njia, na Fischer alikuwa sahihi juu ya matunda. Anayetaka kuwa na kasi hana budi kujifunza polepole, na aliyejifunza polepole hana sababu ya kuiogopa kasi. Mchezaji mahiri aliyekwama pale pale kwa miaka hatanasuliwa na mchezo wa elfu sita. Atanasuliwa siku atakapokizima kioo baada ya kushindwa mara mbili, akatandika ubao wa mbao mezani, akaupanga upya mchezo wake wa mwisho kutoka hatua ya kwanza, na kutafuta bila ya haraka ni wapi hasa sekunde zake zilikokwenda. Usiku huo alama zake hazitapanda hata moja. Kesho yake, shaha wake akisimama tena mbele ya saa, atakuwa na jambo moja analolijua ambalo jana alilazimika kulibahatisha.